Pongo Asiyekuwepo

Sajini Yuma aliisikia fimbo kabla hajafika langoni. Ilikuwa fimbo ya ngozi ya kiboko, na anayeijua sauti yake haulizi: kwanza mluzi, kisha mlio mkavu, kisha kimya kifupi ambamo anayepigwa hutafuta pumzi ya kupiga ukelele. Asubuhi hiyo kimya kilizidi kuwa kirefu. Hakuna aliyelia.

Aliingia uani. Kaporali Jumaine alikuwa amebaki na fulana tu, jasho likimtiririka, na mbele yake, kifudifudi juu ya saruji ya kasho, mahabusu ya polisi, alilala mtu aliyeitwa Twagirayezu. Wafungwa wawili walimshikilia mikono. Mgongo wake ulikuwa umechanika kuanzia mabegani hadi kiunoni, na damu ilikuwa imeshajitafutia njia mpaka kwenye mfereji.

"Nani alikutuma?" Yuma aliuliza.

"Komisera, shefu. Amesema nipige mpaka atie kidole kwa karatasi. Mashua ya Bukavu inaondoka leo muchana, anataka mutu na karatasi yake bapande pamoja."

"Na yeye anasema nini?"

Jumaine alijifuta uso kwa mkono ulioshika fimbo. "Hiyo njo inanichokesha. Mutu ukimupiga analia, anakana, anaita mama yake. Huyu ananiambia tu: endelea."

Yuma alichuchumaa. Nyayo za Twagirayezu zilikuwa zimemwelekea usoni, ngumu na kavu, za mtu ambaye hajavaa kiatu tangu azaliwe, zenye nyufa za zamani zilizojaa vumbi. Hazikuwa na kidonda kibichi hata kimoja. Alizikagua zote mbili, akainuka, akazunguka upande wa kichwa.

"Twagirayezu. Uliua Ntirenganya?"

Jicho moja lilifunguka. Lilimtazama Yuma bila chuki, likafumba tena. Hilo ndilo lililomuudhi sajini kuliko damu yote iliyokuwa pale. Miaka kumi na mitano ya upolisi ilikuwa imemfundisha namna ya kuwasikiliza waongo, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha afanye nini na mtu anayetaka kunyongwa.

Kesi yenyewe ilikuwa ya siku mbili tu. Watu watatu walipanda alfajiri kwenda kuwinda pongo, yule swala wa vichakani mwenye madoa meupe ubavuni, katika mawe ya volkano yaliyo juu ya ziwa dogo liitwalo Lac Vert. Wa kwanza alikuwa Ntirenganya wa Ndosho, mwindaji aliyekuwa akiuza nyama kwenye mahoteli ya wazungu. Wa pili alikuwa mzee Harelimana, mkubwa wa wawindaji wa upande ule. Wa tatu alikuwa Twagirayezu, mfuata nyayo na mbeba kitunga, kikapu cha nyama. Ntirenganya alishuka akiwa maiti. Harelimana alishuka na bunduki yake begani na maneno mafupi mdomoni: Twagirayezu aliniomba bunduki, alifuata pongo, alipiga, akampata Ntirenganya. Twagirayezu alikutwa amekaa chini, kichwa cha marehemu kikiwa mapajani mwake, na hakufungua kinywa.

Komisera, mzungu, alikuwa mtu wa haraka. Aliuliza huku na huko, akaambiwa kwamba Twagirayezu hula kila siku nyumbani kwa marehemu na kwamba mke wa marehemu ni mzuri. Basi, ajali ikageuka kuwa uuaji, na jalada likafungwa kahawa ikiwa bado ya moto.

Lakini Yuma alikuwa ameiona maiti hospitalini. Risasi ya bunduki ya baruti, tonge zima, ilikuwa imeingia kifuani, chini ya mfupa wa bega, na kutokea karibu na figo, ikasambaratisha kila ilichokutana nacho katikati. Ilikuwa imeshuka.

Alibisha mlango wa ofisi, akasimama wima.

"Komisera, risasi ilitoka juu. Nipe mpaka muchana."

Mzungu hakuinua macho. "Juu, chini, ni kitu gani? Amekufa."

"Nipe mpaka muchana."

"Enda. Mashua haitakungoja, Yuma. Nami sitakungoja."

Alipotoka alimpita Jumaine na kumnong'oneza: "Ukimugusa tena mbele sijarudi, nitakuvua ile kofia mbele ya bibi yako." Kisha akatundika bunduki mgongoni, akapanda baiskeli, akashika njia ya Sake.

*

Matanga ya Ntirenganya yalikuwa yamejaa wanawake. Mjane wake, Léonie, hakuwa amelala wala kula, na ilionekana. Yuma alitoa pole zote zinazotolewa, halafu akamwita nyuma ya nyumba, jikoni, akauliza swali baya kwa namna ya moja kwa moja, kwa sababu hakuwa na muda wa kulipamba.

"Mama Léonie, bazungu banasema weye na Twagirayezu mulikuwa na mambo."

Léonie aliinama kana kwamba anachochea moto, akachomoa kijinga kinachowaka, akamtupia usoni. Yuma alikikwepa, kikapiga ukuta wa udongo na kurusha cheche mpaka kwenye kofia yake.

"Rudia tena!" Léonie alipiga kelele. "Rudia, nikuchome mudomo!"

"Sirudii. Nimeshapata jibu. Juu ya nini alikuwa anakula hapa kila siku?"

Mwanamke alikuwa anahema. Ilimchukua muda kuishusha mikono. "Bwana yangu njo alimuleta. Tangu Hitimana afe, Twagirayezu hakuwa mutu tena. Hakuwa analala. Bwana yangu alisema, huyu akikaa peke yake atajinyonga, acha akule na sisi."

"Hitimana gani?"

"Mutoto ya muzee Harelimana. Mutoto wake wa pekee, kijana mwenye alikuwa anatafuta kuoa. Hukusikia? Mwaka jana, huko huko juu. Bwana yangu alimupiga risasi, alizani ni pongo." Alijifuta macho kwa kiwiko. "Bwana yangu alitoa ng'ombe. Tulipika pombe ya mutama ya kupatana, bakaweka mutungi mumoja, bakanywa na mirija, yeye na Harelimana, batu bote banaona. Twagirayezu aliapa mbele ya tribunali kama ilikuwa ajali. Ikaisha."

"Harelimana alikunywa?"

"Alikunywa. Alikunywa sana."

Yuma alipangusa cheche kwenye kofia. "Na juzi asubuhi, kweli Twagirayezu angeomba bunduki ya Harelimana?"

"Twagirayezu? Tangu ile siku ya Hitimana bwana yangu hakumupatia tena bunduki, hata kuishika. Alikuwa anabeba kitunga tu. Nilimuuliza juu ya nini, akasema, mikono yake inatetemeka. Na Harelimana, ile bunduki yake hata mutoto wake hakuigusa."

Yuma alimshukuru. Alipofika kwenye baiskeli alisikia wanawake wakiimba ndani, na Léonie akiwakatiza kwa kilio kikubwa ambacho alikuwa amekizuia muda wote wa maswali.

*

Aliiacha baiskeli kando ya barabara, akapanda. Kwanza palikuwa na majani marefu na miti michache, kisha majani yakapungua, kisha mawe meusi yakaanza, yale yaliyotoka mlimani yakichemka na kuganda hapo yalipofika. Makali yake hukata ngozi ya ng'ombe. Yuma alivaa buti za polisi, na kila hatua ililia kama mtu anayetafuna mifupa.

Baba yake, kule Kasongo, alikuwa mwindaji wa miguu. Hakutumia mbwa, nyavu wala mitego, ila alitembea tu. Au tuseme alisimama, kwa maana katika uwindaji ule kutembea ni kudogo na kusimama ndiko kazi. Unaweka ukingo wa wayo chini kwanza, unausikiliza, ndipo unaushusha wote. Hatua mbili, unasimama kivulini. Humtafuti mnyama mzima, unatafuta sikio, au mstari wa mgongo uliolala mahali ambapo kila kitu kingine kimesimama. Akiinua kichwa unakuwa mti. Akiinamisha, unakwenda. Na juu ya yote hayo, kabla ya yote hayo, kuna upepo. Pongo anaweza kukusamehe ukikanyaga kijiti, lakini akikunusa hakusamehe.

Alifika penye damu, kwenye njia ya wawindaji, ambapo miguu ya watu ilikuwa imeyalainisha mawe. Iling'ang'ania mawe, imekauka na kuwa nyeusi kama mawe yenyewe, na nzi walikuwa hawajaichoka. Hapo ndipo Ntirenganya alipoanguka, chali, kichwa kikielekea ziwa, miguu ikielekea mlima. Alipigwa kifuani na kurushwa nyuma. Alikuwa anapanda.

Yuma aliwasha sigara, akaivuta haraka mpaka jivu likawa refu, akaligonga kwa kidole. Jivu lilielea polepole kuelekea ziwani.

Aligonga tena. Ziwani. Bila shaka. Asubuhi mlima hushusha baridi yake chini, na jua likishapanda ndipo ziwa hurudisha upepo juu. Kila mwindaji wa Goma anajua hivyo, na ndiyo sababu alfajiri wote huwinda wakipanda, pua zao zikielekea mlima Nyiragongo. Ntirenganya alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, maskini.

Basi aliyempiga alikuwa amesimama juu yake, upepo mgongoni. Harufu yake yote, jasho, moshi wa nyumbani, baruti, ilikuwa inamwagika chini mtelemkoni. Pongo yeyote aliyekuwa chini yake angekuwa ameshavuka barabara na kufika kwenye maji. Na bado Harelimana alisema aliona pongo. Alisema alimwona kwa macho yake, dume, mgongo mweusi, akila majani katikati ya Twagirayezu na marehemu.

Yuma alitupa sigara. Hapakuwa na pongo. Aliyesimama juu hakuwa akiwinda kitu chenye pua.

Aliiacha njia, akapanda zaidi kwenye mawe makali, akiinama. Hakutafuta sana. Juu ya jiwe moja palikuwa na tone la damu, na juu ya jingine alama kamili, kisigino na kidole gumba. Damu mlimani, mahali ambapo hakuna aliyepigwa risasi! Aliifuata kutoka jiwe hadi jiwe kwa mwendo wa kuzunguka, mpaka kwenye mwamba mdogo ambapo ukoga ulikuwa umeungua kwa baruti na mtu alikuwa amepiga goti kwa muda mrefu. Hapo damu ilikuwa nyingi. Mtu aliyejua kwamba kandambili za mpira hulia juu ya mawe haya alizivua, akatembea peku, akaacha miguu yake ikatwe, wala hakuharakisha hata hatua moja kwa sababu ya maumivu.

Yuma alizikumbuka nyayo kavu za Twagirayezu pale uani, akashuka mbio.

*

Harelimana alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, si mbali na Lac Vert, ngozi ya mbuzi imefunika miguu yake kuanzia mapajani. Mzee wa heshima kama yule, mwenye kumwinukia hata mgeni asiye na maana, hakuinuka kumsalimu polisi. Alinyoosha mkono tu.

"Karibu, shefu. Ulikuja juu ya ile maneno?"

"Ile ile, muzee. Komisera anataka nisikie tena mwenyewe, mbele mashua iende."

"Nilishasema yote."

"Sema tena. Mimi ni mutu wa kusahau."

Harelimana alisema tena. Sauti yake ilikuwa tulivu na maneno yalikuwa yale yale, katika mpangilio ule ule. Yuma alisikiliza akiwa amesimama, bunduki mgongoni, mikono nyuma.

"Pongo alikuwa anafanya nini?"

"Anakula. Kichwa chini."

"Na risasi ilitoka juu yake."

"Juu, ndiyo."

"Upepo ulikuwa unatoka wapi, muzee?"

Harelimana alikuwa anafungua kinywa kujibu, akakifunga. Aliangalia mlima, kisha ziwa. Ilikuwa kosa dogo sana, kosa ambalo mzungu asingelijua hata akifa na kufufuka, na mwindaji yeyote wa pale angelicheka. Yeye, mkubwa wa wawindaji, alikuwa ametunga mnyama na kusahau kumpa pua.

"Sikuangalia upepo," alisema.

"Weye? Hukuangalia upepo?"

Mzee aliivuta ngozi ya mbuzi karibu zaidi.

"Nyoosha miguu, muzee. Ondoa ngozi."

"Niko mugonjwa."

"Najua. Najua na mahali ulipata ule ugonjwa. Ondoa ngozi!"

Ngozi ya mbuzi iliruka. Chini yake, juu ya mapaja, ulikuwa umelala muhoro, ule upanga wa ncha iliyopinda wa kufyekea migomba, nao ulikuja kabla Yuma hajauona vizuri. Ulilenga shingo. Aliinua mkono wa kushoto, muhoro ukaingia katika nyama ya chini ya kiwiko na kugonga mfupa, na alihisi mgongano ule mpaka kwenye meno. Mzee aliuchomoa, akapiga tena. Yuma alijitupa upande, ncha ikapasua koti. Bunduki ilikuwa imenasa mgongoni. Aliuvuta mkanda kwa mkono mzima, akaizungusha, na kitako cha mti kikampata Harelimana kwenye taya. Kitu kilivunjika. Mzee aliyumba, akasimama juu ya miguu ile, na kwa mara ya kwanza akapiga ukelele, si kwa sababu ya taya. Yuma alimpiga tena, kifuani, mzee akaanguka, naye sajini akauweka mguu wenye buti juu ya mkono ulioshika muhoro na kuukandamiza mpaka vidole vikafunguka.

Walibaki hivyo, wote wawili wakitweta. Damu ya sajini ilimdondokea mzee usoni.

Nyayo za Harelimana zilikuwa zimegeuka juu. Zilikuwa zimefungwa majani ya dawa, majani yamefunguka, na chini yake nyama ilikuwa imekatwakatwa mpaka hakukuwa na mahali pa kuweka kidole.

"Sasa sema," Yuma alisema. "Na usiniambie mambo ya pongo."

Mzee alitema jino. Alipozungumza, maneno yalitoka yamepondeka, lakini hakuyaficha tena.

"Nilimuzunguka usiku haujaisha vizuri. Nilikuwa juu yake mbele hajaanza kupanda. Anasimama, ninasimama. Anatembea, ninatembea. Anajua kazi, Ntirenganya, hakuna mwenye alikuwa anajua sawa yeye. Lakini alikuwa anatafuta nyama. Hakutafuta mimi. Nilikunywa pombe yake, shefu. Mwaka muzima niliisikia hapa," akagusa koo, "haishuki."

"Na Twagirayezu alikukosea nini?"

"Aliapa. Mutoto yangu alilala chini na tundu kwa shingo, na yule akanyoosha mukono mbele ya bazungu akasema ni ajali. Basi nami nikaapa. Niliona, nilisema, niliona kwa macho yangu. Bamunyonge kwa maneno, sawa vile aliua mutoto yangu kwa maneno."

Yuma alifunga mkono wake kwa kitambaa, akaifunga mikono ya mzee kwa kamba. Majirani wawili waliokuja mbio kwa kelele walilazimika kumbeba Harelimana kwa kipoyi, machela ya miti, maana kutembea hakuweza tena, na sajini aliwafuata nyuma akisukuma baiskeli, kitambaa kikizidi kuwa chekundu. Jua lilikuwa limepanda sana. Alikuwa anawahimiza kwa matusi ambayo hakujua kwamba bado anayakumbuka.

*

Lori la polisi lilikuwa tayari langoni, injini inanguruma. Twagirayezu alikuwa ametupwa nyuma kama gunia, mikono na miguu imefungwa, kidole gumba cha kulia kimepakwa wino. Yuma aliona wino ule, akajua kwamba kazi imefanywa bila yeye. Aliilaza baiskeli mbele ya magurudumu ya lori, akasimama juu yake.

"Ondoka, Yuma!" Komisera alitoka ofisini na kofia mkononi. "Ametia kidole. Imekwisha."

"Na angetia kidole kwa karatasi yoyote, Komisera. Jumaine, alisema nini?"

Jumaine aliangalia chini. "Alisema, leta."

"Leteni kipoyi hapa."

Majirani waliweka kipoyi chini, Yuma akavuta blanketi lililofunika miguu ya mzee. Komisera aliinama kuzitazama zile nyayo, akafunika pua kwa leso. Yuma aliongea kwa ufupi, akiwa bado amesimama juu ya baiskeli: damu juu ya mawe, baruti juu ya mwamba, risasi iliyoshuka. Upepo aliuacha. Alionyesha mkono wake. Kisha akaenda kwenye lori, akaikamata miguu ya Twagirayezu na kuigeuza ili mzungu aione.

"Huyu hakupita kule juu. Angalia mwenyewe."

Komisera aliangalia. Aliangalia miguu ya huyu, akaangalia ya yule, akarudia. Alikuwa mtu wa haraka lakini hakuwa kipofu, na mwisho akasonya kwa hasira.

"Mushushe," alisema. Akarudi ofisini kupiga simu bandarini.

Jumaine alimshusha Twagirayezu, akamkata kamba, akamkalisha kwenye ukuta wa mawe wa kasho, akiegemea kwa ubavu, kwa sababu mgongo haukuweza kuegemea kitu. Kipoyi kilikuwa hatua chache kutoka hapo. Harelimana alijiinua kwa kiwiko. Aliutazama mgongo ule kwa muda mrefu, na uso wake uliovunjika ukatulia.

"Sawa," alisema. "Nitakufa mimi, lakini umeonja. Sasa tumelingana."

Twagirayezu alilamba midomo. Yuma alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake, na aligutuka jinsi ilivyokuwa ya kawaida.

"Hatujalingana, papa. Ntirenganya hakumuua Hitimana."

"Nyamaza."

"Ni mimi."

Jumaine alikuwa anakunja kamba. Aliacha kukunja.

"Ntirenganya aliniazima bunduki yake," Twagirayezu alisema. "Nilimuomba, nilitaka nami nipige siku moja. Niliona sikio katika majani, sikungoja nione kichwa. Nilipofika, nikaona ni Hitimana. Ntirenganya alininyang'anya bunduki. Akasema, weye hauna karatasi ya bunduki, bazungu batakufunga mpaka uoze. Mimi niko nayo. Acha niseme ni mimi, nitoe ng'ombe, iishe. Nikakubali, papa. Nilikubali na nikaapa. Juzi nilipokuona unashuka na bunduki, nilijua umelipiza. Nilisema, acha banipige, acha baninyonge, ni haki yangu."

 Harelimana alikuwa anatazama mahali fulani katikati yake na Twagirayezu. Yuma, ambaye alikuwa ametoka kumwokoa mtu kwenye kamba, alimwona mtu huyo akiirudia kamba kwa miguu yake mwenyewe, tena mbele ya polisi wawili.

"Alisema kitu?" Harelimana aliuliza mwishowe. "Mutoto yangu."

"Alikuita. Mara moja."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia. Kisha akamgeukia Yuma, na sauti yake ikapanda.

"Ntirenganya aliniona, shefu. Jiwe lilitoka chini ya muguu yangu, akainua macho, akaniona na bunduki imeshamuelekea. Alijua nimefuata nini. Bunduki yake ilikuwa mukononi, hakuiinua. Nilimungoja aseme kitu. Nilimungoja, shefu! Angetaja jina moja tu!"

Alijirusha kutoka kwenye kipoyi. Mikono yake ilikuwa imefungwa, miguu haikumbeba, lakini ukuta ulikuwa karibu, nao ulijengwa kwa mawe yale yale meusi. Alipiga paji la uso juu ya jiwe, na mlio wake ulimfanya Jumaine, mtu wa fimbo, afumbe macho. Akapiga tena. Yuma alikimbia, akajikwaa kwenye baiskeli yake mwenyewe, akaanguka juu ya mkono uliokatwa. Alipoinua kichwa, Twagirayezu alikuwa ameshatambaa, damu mbichi ikimshuka mgongoni, na alikuwa ameweka kiganja chake bapa juu ya jiwe. Pigo la tatu lilitua hapo.